Mizinga ya Mwalimu Muthama na Malori ya Wanyoike

Ukitaka kumwona Mwalimu Muthama amekunja uso, mwambie tovuti yake ni nzuri, lakini. Hilo "lakini" hakulipenda tangu enzi za kufundisha jiografia pale Mwingi, na kustaafu hakukumsaidia kulizoea. Tovuti aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Aliiita Hazina ya Mizinga ya Ukambani, na ndani yake akaweka kitu alichokipenda kuliko vyote duniani baada ya Mungu na nyama ya mbuzi, yaani picha za alama ambazo watu hukata kwenye mizinga ya magogo, ili mtu asije akarina asali ya mwenziwe halafu akasingizia giza.

Alama zenyewe, tusimwonee mzee wa watu, zilikuwa za kupendeza. Kulikuwa na mzinga wa Nuu wenye mistari iliyopindana, na mwingine wa Mutomo wenye kitu kama mguu wa kuku. Kulikuwa na mmoja wa Migwani ambao mwenyewe alikata duara, akaona halikukaa sawa, akakata lingine juu yake, na wanawe wakaendelea kukata maduara mawili wakidhani ndiyo alama ya ukoo. Muthama alizunguka Kitui na Makueni kwa pikipiki kuzitafuta. Miti mingine aliipanda yeye mwenyewe, katika umri ambao mkewe alimkataza kupanda hata kiti kubadilisha balbu.

Shida ilikuwa kuzifikia.

Ulipofungua tu, kabla hujagusa kitu, kwaya ya kanisa ilianza kuimba, sauti ya Mama Mchungaji ikiwa juu ya zote kwa sababu siku ya kurekodi ndiye aliyesimama karibu na maikrofoni. Nyuki wa kuchorwa wakavuka kioo kutoka kushoto kwenda kulia, wakarudi. Kisha ikaja picha ya Muthama mwenyewe, amevaa suti ya siku ya kustaafu na mashada ya karatasi za kumetameta shingoni, picha kubwa kiasi kwamba kwenye simu ilibidi uitazame kwa awamu. Chini yake, kwa maandishi ya manjano juu ya rangi ya chungwa, ilianza hotuba. "Wageni waheshimiwa," iliandikwa, halafu akatambuliwa chifu, akatambuliwa naibu wa chifu, mchungaji kiongozi, mwenyekiti wa bodi ya shule, wazee wa vijiji na wote waliofika kutoka karibu na mbali, itifaki ikiwa imezingatiwa. Mgeni aliyevumilia hayo yote alikutana na Sura ya Kwanza, Maana ya Mzinga. Mwishoni mwa kila sura palikuwa na maswali ya marudio.

Watu hawakuvumilia. Kikaunta cha wageni kilisogea, ndiyo, lakini Muthama alijua moyoni kwamba mgeni mwenye bidii kuliko wote alikuwa yeye.

Hilo angelimeza. Lililomkaa kooni ni Wayua, mkewe. Tangu tovuti ianze, Wayua hakuwahi kusema neno lolote juu yake, jema wala baya. Kila alipomsogezea simu, alijibu, "Baba Kanini, mizinga nimeiona tangu nizaliwe," kisha akaenda kuangalia kuku wake. Muthama angeweza kuwaacha walimwengu wote wapite wasitazame. Alichotaka ni Wayua aketi, atazame, aulize swali moja tu. Kutotazama kwake kulimuuma, na kwa kuwa alikuwa mwanamume wa Mwingi aliyestaafu na heshima zake, aliumia kimyakimya na kuongeza sura nyingine.

Basi Jumamosi moja alasiri alikuwa uani akipangusa pikipiki alipomsikia Wayua akicheka sebuleni. Si kile kicheko cha adabu cha kikundi cha akina mama. Alicheka mpaka akakohoa. Muthama akaingia taratibu, akapita nyuma ya kiti kama mtu anayetafuta miwani, na akachungulia simu ya mkewe.

Ilikuwa tovuti. Ya mtu mwingine!

"Unasoma nini?"

"Ni huyu Wanyoike wa Kambu," Wayua alisema akijipangusa macho. "Anapiga picha maandishi ya nyuma ya malori. Nzau ndugu yangu alinitumia. Nimeanza baada ya chakula, sijatoka. Sikia hii."

Akamsomea. Lori la vitunguu, limetoka Loitokitok, nyuma limeandikwa MKE WANGU ANAJUA. Chini Wanyoike alikuwa ameandika: "Nikamuuliza dereva, anajua nini? Akasema hata yeye hajui, lakini mama anamwangalia hivyo." Halafu lori la mchanga lenye maandishi POLEPOLE YA HARAKA. "Lilikuwa limekwama," aliandika Wanyoike, na hakuongeza kitu.

Muthama hakucheka. Alisema kwamba hayo hayakuwa na utafiti wowote. Alisema malori si urithi. Kisha akawasha pikipiki iliyokuwa bado na sabuni, akaenda mjini.

Saiba aliyoiendea, yaani duka la kompyuta na intaneti, ilikuwa ya Wakiuru, mama yake Wahome, mwanamke wa Murang'a aliyehamia Mwingi na mumewe miaka mingi nyuma. Mume alirudi kwao, yeye akabaki na mashine zake, na sasa akisema Kikamba huwezi kumtilia shaka mpaka akasirike. Ndiye aliyemsaidia Muthama kununua jina la tovuti, na ndiye aliyemwambia "lakini" la kwanza.

"Mama Wahome," alisema Muthama bila kuketi, "nataka tuibadilishe yote. Inatakiwa kumshinda mtu mmoja wa Kambu."

"Hatimaye! Ni nani huyo nimpelekee zawadi?"

"Si jambo la mchezo."

"Najua, Mwalimu. Keti. Hatugusi yako leo. Leo tunaangalia za watu, zile mbaya na zile poa. Ukipeleka nguo kwa fundi si kwanza unaangalia vile wengine wamevaa?"

Muthama alipenda wazo hilo, hasa ile sehemu ya mbaya. Akavuta kiti.

Ya kwanza ilikuwa ya mfugaji fulani wa mbuzi wa maziwa. Ilipofunguka, mbuzi alilia kwa sauti kubwa, na aliendelea kulia. Muthama akapiga paja. "Sasa huyu! Nani alimwambia mtu anataka kusikia mbuzi hata hajabisha hodi? Ungekuwa hospitali je? Ungekuwa matangani?"

Wakiuru alikunywa chai yake. Akafungua ya pili, ya mkusanyaji wa stempu za zamani. Ikatokea picha ya mzee mwenye tai, akitazama mbali kama anayetafuta mvua, na ili uone stempu ya kwanza ilibidi uteremke, uteremke tena. "Huyu anakusanya stempu au anakusanya sura yake?" Muthama aliuliza, na jibu lake mwenyewe likamchekesha. Ya tatu ilikuwa ya baiskeli. Herufi nyekundu juu ya kijani, na hadithi ya maisha ya mwenye tovuti tangu shule ya msingi. "Baiskeli iko wapi? Mtu amekuja kuona baiskeli, wewe unamwambia ulikuwa kiranja!"

"Kweli kabisa," alisema Wakiuru. "Hebu hii ya nne."

Akabonyeza, na kwaya ikaanza. Sauti ya Mama Mchungaji ilijaza saiba yote. Mzee aliyekuwa pembeni akisubiri kuchapishiwa barua alivua kofia, akainamisha kichwa.

Muthama alikuwa tayari amefungua kinywa kucheka. Kicheko kilikwama hapohapo. Alitazama nyuki wake wakivuka, wakirudi. Akajitazama kwenye suti, akijisogeza juu kipande kwa kipande, na masikio yakaanza kumwaka moto.

"Umenitega, Mama Wahome."

"Kidogo tu," alisema Wakiuru, akizima sauti ili mzee wa watu aweze kuvaa kofia yake. "Ningekuambia ungekataa. Umejiambia mwenyewe, mimi nimenyamaza."

Ya tano ilikuwa ya Wanyoike. Muthama aliitazama kwa macho ya mtahini anayetafuta mahali pa kukata alama, na hakupapata. Ukurasa ulikuwa mweupe. Lori moja, maneno yake, lilitoka wapi, na sentensi mbili. Ulitaka lingine, ulibonyeza. Wanyoike mwenyewe hakuonekana popote, ila chini kabisa ambapo palikuwa na jina lake na namba ya simu.

"Nitampigia," alisema Muthama. "Nimpongeze." Na tumwamini kwa nusu, maana nusu nyingine ilitaka kusikia kama mtu huyo ana majivuno.

Alikuwa nayo. "Mwalimu! Ni wewe wa mizinga?" Wanyoike alipaza sauti kutoka dukani kwake Kambu, malori yakinguruma nyuma yake. "Mimi nilifungua yako kanisani! Mchungaji anaomba, kwaya yako ikaanza, watu wakasimama wote wakadhani ni wimbo wa kufunga. Tulitoka mapema siku hiyo. Watu walishukuru sana."

Muthama akamwomba radhi. Wanyoike akasema asijali, yake ya kwanza ilikuwa imeanza na picha za harusi yake na muziki wa tarumbeta, na shemeji zake ndio pekee walioipenda. "Nikatoa harusi, nikatoa tarumbeta, nikabaki na lori. Saa hii mimi ndio kusema hii barabara yote, uliza mtu yeyote. Lakini Mwalimu, zile alama zako? Nilizifikia siku moja nikiwa na bando nyingi. Ni moto! Mbona unazificha?"

Hilo neno, kuzificha, Muthama alirudi nalo nyumbani.

Wiki zilizofuata zilikuwa za maombolezo. Kwaya iliondoka kwanza, na Muthama akampisha Mama Mchungaji barabarani kwa unyenyekevu usio wa kawaida. Nyuki wakafuata. Picha ya suti aliitetea kwa siku kadhaa, akakubali ipunguzwe, ikapunguzwa, akaiona inafanana na stempu, akakubali iondoke. Maswali ya marudio Wakiuru aliyafuta bila kumwuliza. Kwenye salamu ndipo alipogoma kabisa.

"Chifu ataniuliza."

"Chifu amewahi kuifungua?"

"Aliniahidi ataifungua."

"Basi hatajua."

Lakini wazo lililoiokoa tovuti lilikuwa la Muthama, na tumpe haki yake. Walikuwa wakibishana mgeni aanzie wapi, Wakiuru akitaka alama nzuri iwe ya kwanza, Muthama akitaka Sura ya Kwanza, naye akasema kwa hasira, "Mtu wa huku ukikutana naye, unamuuliza nini kabla ya jina? Unamuuliza kwao ni wapi." Wakiuru akavuta kibodi. Siku hiyohiyo ukurasa mweupe ukawekwa maneno matatu, Kwenu ni wapi? Chini yake majina: Nuu, Kyuso, Mutomo, Migwani, Kibwezi, na kuendelea. Ukibonyeza kwenu, unakuta mizinga ya kwenu, ya nani, na maneno machache kama ambavyo mtu angekuhadithia mkiwa na chai.

"Imebaki mtihani," alisema Wakiuru. "Tunampa mtu asiyejali mizinga, anashika simu, na wewe hufungui mdomo. Hata kidogo. Ukieleza, umefeli."

Muthama hakuhitaji kufikiria ni nani asiyejali mizinga.

Wakiuru mwenyewe ndiye aliyemwomba Wayua, na Wayua, ambaye hamkatalii mgeni kitu, akakubali. Jumapili baada ya ibada wakaketi sebuleni, chai ikamiminwa, na Muthama akapewa kiti cha mbali. Alikaa juu ya mikono yake. Alikuwa na hofu ya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa taifa, yeye ambaye kwa miaka yote alikuwa akiyasoma ya wengine.

Wayua akafungua. Kimya. Akainua macho kidogo, kana kwamba anasubiri kwaya. Akasoma, "Kwenu ni wapi?" na tabasamu likamjia. Muthama aliliona, akasogea ukingoni mwa kiti.

Kidole cha Wayua kiliteremka kwenye majina. Kikateremka mpaka mwisho. Kikapanda tena, polepole zaidi. Kisha Wayua akaweka simu mezani, kioo kikitazama chini.

"Ni nzuri," alisema. "Ni safi sana, Mama Wahome. Ongeza chai."

"Umetafuta nini, Mama Kanini?" Wakiuru aliuliza.

"Si ameniuliza kwetu ni wapi? Kwetu ni Kiboko. Hakuna Kiboko."

Muthama alifungua mdomo. Wakiuru alimtazama, naye akaufunga.

"Na sikushangaa," Wayua aliendelea, sasa akimgeukia mumewe, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Nilitafuta siku ile ya kwanza kabisa uliyoifungua. Wewe ulikuwa umeenda mjini kutangazia watu. Niliketi hapa. Nikasikiliza kwaya yote. Nikasoma salamu zote za chifu, na Maana ya Mzinga, na sura zako zote, hata maswali nikajibu. Nilikuwa natafuta uvano wa baba, alama ya mizinga yake. Umepiga picha mizinga ya Kitui yote. Umepiga ya watu wa Kibwezi, hapo tu chini ya barabara. Mpaka ya yule mlevi wa Kyuso umepiga! Mizinga ya mzee Kivuva, ambaye ulikula mbuzi kwake mpaka ukafungua mshipi, hukuona. Nikasema, sawa. Kwa hivyo baba yangu hakuwa mtu wa kuwekwa huko. Sikuifungua tena."

Kuku mmoja alitembea mpaka mlangoni, akaona mambo ya ndani, akarudi.

"Naweza kusema?" Muthama aliuliza, na swali lilikuwa kwa Wakiuru.

"Mtihani umekwisha, Mwalimu. Sema."

"Mama Kanini, mimi ni mkwe pale." Alitafuta maneno, yeye wa sura kumi na kitu. "Nilisimama chini ya ile migunga ya mzee zaidi ya mara moja, kamera mfukoni. Mkwe ataanzaje kuzunguka miti ya baba mkwe, akipiga picha mzinga baada ya mzinga? Angesema nahesabu mali yake. Na alipofariki ikawa mbaya zaidi. Nzau na wenzake wangesema nimekuja kupima urithi kaburi halijakauka. Nilimwogopa mzee akiwa hai na nikamheshimu akiwa amekufa. Mizinga yake ndiyo niliyotaka kuliko yote. Ile ya kwake ndiyo iliyonitia huu wazimu, siku nilipokuja kukuposa na kukosa mahali pa kutazama kwa aibu, nikatazama juu ya miti."

Wayua akasogeza kikombe chake kando. "Na hukuniambia."

"Nilidhani hujali mizinga."

"Wewe ni mkwe," alisema Wayua. "Mimi je? Mimi ni mkwe pale? Mimi ni mtoto wa kwake. Ungenipa hiyo kamera."

Wakiuru akakumbuka kwamba alikuwa ameacha mlango wa saiba wazi, jambo ambalo halikuwa kweli, akaaga.

Walikwenda Kiboko wiki hiyo. Muthama alibaki kwa Nzau akinywa uji kwa heshima zote za mkwe, mgongo ukiwa upande wa miti ili asionekane anahesabu. Wayua alichukua kamera na ngazi ya kakake, na kutoka kule nyuma zilisikika sauti za wake za Nzau wakimshikia ngazi, wakimwambia anguka uone, na yeye akiwaambia wanyamaze picha inatikisika. Alirudi na majani kichwani na gauni limechanika upindo. Picha ilikuwa imeinama kidogo. Katikati yake, kwenye gogo lililopauka kwa jua, palikuwa na mkato mrefu mmoja na mikato mifupi pembeni, mingine mirefu kuliko wenzake.

Nyumbani akaketi karibu na mumewe kwa mara ya kwanza mbele ya kompyuta yake. "Andika," alisema.

Muthama akaandika: "Marehemu Mzee Kivuva, aliyezaliwa katika familia ya..."

"Futa. Wanyoike angeandika hivyo?"

Akafuta. Jina la Wanyoike halikumchoma sana kama zamani.

"Andika hivi. Mkato mrefu ni yeye. Mifupi ni sisi watoto, kila mmoja wetu alipozaliwa, baba alienda akakata mmoja. Huu wa kwanza ni wa Wayua. Ndio mrefu kuliko ile mifupi yote, kwa sababu baba alikuwa na furaha na shoka lilikuwa jipya."

Muthama aliandika neno kwa neno, na alipofika kwenye furaha ikabidi avue miwani aipanguse. Yeye aliyeuliza wazee wa wilaya mbili maana ya alama zao, hakuwahi kumwuliza aliyelala naye kitanda kimoja. Aliona haya, na haya yake yalikuwa ya haki.

Alipomaliza, Wayua hakuinuka kwenda kwa kuku. Alichukua simu yake, akafungua ukurasa mweupe, akabonyeza Kiboko na kusoma ya baba yake. Kisha kidole chake kikaenda mahali pengine.

"Huyu wa Migwani mwenye maduara mawili," alisema bila kuinua macho. "Kwa nini ni mawili?"

Muthama alikuwa na jibu la sura nzima.

"Alikosea," alisema.

Wayua alicheka mpaka akakohoa.